Faiba Fuoni: usiku inazama, portali moja haifunguki, na njia ya kwenda Dar inapitia London

mtaa_wa_fuoni | Jumatatu, saa 3:40 usiku

Assalaam alaykum wataalamu. Nisaidieni kutenganisha haya matatizo, maana huduma kwa wateja wana jibu moja tu: zima, subiri dakika tano, washa.

Mazingira yenyewe: nyumba iko Fuoni, Unguja. Ni faiba, kifurushi cha 20 Mbps kushusha na 10 kupandisha. ONT, kile kisanduku kinachopokea faiba, ni ya kampuni na imewekwa kwenye modi ya daraja, yaani inapitisha tu. Nyuma yake kuna rauta yangu iliyonunuliwa Darajani, nayo ndiyo inayoingia mtandaoni kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila. Vipimo vyote nimechukua kwa laptopu iliyochomekwa kwa waya, si Wi-Fi.

La kwanza, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 5, ping, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa millisekunde (ms), ambayo mchana ni 4 ms inaruka hadi 300. Simu za WhatsApp zinakatikakatika, mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa.

La pili, portali ya kazini. Ukurasa wa kuingia unazunguka tu, haumaliziki, mchana na usiku. Hapo hapo YouTube inacheza bila shida. Nikiwasha intaneti ya simu, portali inafunguka papo kwa papo.

La tatu, seva ya ofisi iliyoko Dar. Hii ni tracert, orodha ya vituo vya njiani, ya saa 4 asubuhi, wakati mtandao umetulia. Anwani za hadharani nimezificha:

```
1    192.168.1.1            1 ms
2    100.72.0.1             4 ms
3    10.20.1.9              5 ms
4    *                      *
5    x.x.x.x   (dar)        8 ms
6    x.x.x.x   (mrs)      138 ms
7    x.x.x.x   (lon)      156 ms
8    x.x.x.x   (lon)      157 ms
9    x.x.x.x   (dar)      309 ms
10   seva ya ofisi        310 ms
```

Kwa simu yenye laini ya mtandao mwengine, seva hiyo hiyo naipata kwa 14 ms. DNS nimeshaibadilisha kuwa 1.1.1.1, kisha 8.8.8.8, hakuna kilichobadilika. Sasa lipi ni langu na lipi ni la kampuni?

fundi_wa_mwanga | Jumatatu, saa 4:15 usiku

Alaykum salaam. Swali limeandikwa vizuri, nusu ya kazi umeshaifanya. Hayo ni maradhi matatu na kila moja lina pahala pake. Ukiyapeleka kampuni kwa jina moja la "mtandao mbovu", watakupimia spidi saa 4 asubuhi, wataona 19.6 Mbps, watafunga tiketi.

Mimi nachukua la kwanza, mengine yana wenyewe humu.

Anza na nguvu ya mwanga, ni kazi ya dakika moja. Ukurasa wa ONT mara nyingi uko 192.168.100.1. Tafuta namba ya Rx, yaani nguvu ya mwanga unaopokelewa, yenye alama ya dBm. Kwa GPON (faiba inayogawiwa nyumba nyingi) ya kawaida ya daraja B+, ONT inasikia mpaka −27, na inazidiwa ikipata mwanga mkali kuliko −8. Ukiona kati ya −15 na −24, lala usingizi. Ukiona −26 kuna jambo: kichwa cha faiba kina vumbi, au waya umekunjwa nyuma ya kabati (duara lake lisiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 3), au kuna mtu amechomeka kichwa cha kijani kwenye tundu la buluu. Cha kijani kimekatwa mshazari wa digrii 8, cha buluu kimenyooka. Mkononi vinaingiana kama ndugu, lakini ndani ncha hazigusani vizuri na mwanga unapotelea hapo. Na usichungulie ncha ya waya. Mwanga wake huuoni kwa jicho lakini jicho unaliumiza.

Hata hivyo nakwambia mapema, sidhani ni mwanga. Mwanga haujui saa. Faiba iliyokunjika inakusumbua saa 2 usiku na saa 2 asubuhi vilevile. Kinachojua saa ni watu, na umeme. Kwa hiyo angalia pia rauta imekaa muda gani bila kuzimika. Umeme ukishuka jioni watu wakiwasha mapasi na majiko, adapta dhaifu ya 12 V huiangusha rauta na ikajiwasha tena bila ya wewe kujua. Rauta ikikwambia iko hewani siku 9 mfululizo, umeme umeshajitoa kwenye kesi.

Sasa kipimo chenyewe. Usiku tatizo likiwepo, fungua madirisha matatu ya amri kwa pamoja:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 100.72.0.1
ping -t 8.8.8.8
```

Yaache dakika 10, kisha usome kutoka juu kwenda chini. Dirisha la kwanza likiruka, tatizo liko ndani ya nyumba: waya, rauta yenyewe imechoka, au Wi-Fi kwa wanaotumia Wi-Fi. La kwanza likitulia na la pili likiruka, tatizo liko kati ya rauta yako na mtambo wa kampuni. La kwanza na la pili yakitulia, la tatu peke yake likiruka, ni mbele huko, kwenye mitandao ya kampuni au baada yake.

Ukikuta ni la pili, usikimbilie simu bado. Chomoa kila kitu kwenye rauta, zima Wi-Fi, bakisha laptopu peke yake. Ping ikirudi 4 ms, anayejaza bomba yumo ndani ya nyumba yako. Ikibaki 300 na nyumba iko tupu, hapo ni kampuni imewajaza majirani wengi kwenye tawi moja la faiba, na una haki ya kupiga simu.

mtaa_wa_fuoni | Jumanne, saa 3:05 usiku

Nimefanya. Rx ni −21.4. Rauta iko hewani siku 12. Dirisha la kwanza 1 ms bila kuyumba, la pili kati ya 180 na 320, la tatu linafuata la pili. Nilipochomoa vitu vyote la pili likashuka hadi 4 na 6, likakaa hapo hapo.

Nikarudisha kimoja kimoja. Simu mbili: sawa. Televisheni: sawa, inapanda kidogo mpaka 15. Kinasa cha kamera za ulinzi: ikaruka 290 ndani ya sekunde ishirini. Kamera ni nne, zinapeleka picha kwenye seva za mtengenezaji. Ninachoshangaa, mchana kamera ni hizo hizo na hakuna tatizo.

fundi_wa_mwanga | Jumanne, saa 3:30 usiku

Hakuna cha kushangaza. Kamera mchana inaona ukuta umetulia, picha inabanika vizuri, labda 1 Mbps kila moja. Usiku inahamia kwenye taa nyekundu zisizoonekana, picha inajaa chengachenga, na chenga hazibaniki kwa sababu kila fremu ni tafauti na iliyopita. Kamera ya 1080p iliyoachiwa ijipangie yenyewe inafika 2.5 Mbps kwa urahisi. Zidisha kwa nne: 10 Mbps. Hiyo ndiyo njia yako yote ya kupandisha. Wadudu wakianza kuzunguka mbele ya lenzi, inazidi.

Na kwa nini kushusha nako kunakufa wakati umejaza kupandisha? Kwa sababu kila kipande unachopokea, kompyuta yako inarudisha taarifa ndogo ya "nimepata". Taarifa hiyo inasimama foleni nyuma ya picha za kamera. Foleni ya 300 ms kwenye njia ya 10 Mbps ni kama kB 375 tu zinazosubiri, na rauta za bei ya chini zinaweka foleni ndefu kuliko hiyo bila kuulizwa.

Fanya mambo mawili. Kwenye kinasa, ile picha inayokwenda nje iwe mkondo mdogo, 512 kbps kila kamera, kwa ubanaji wa H.265 kama inakubali. Picha kubwa ibaki kwenye diski ya nyumbani. Nne mara 512 ni kama 2 Mbps, unabakiwa na 8.

Pili, kama rauta inakubali programu ya OpenWrt au ni ya RouterOS 7, washa mpango wa foleni uitwao cake na uiwekee 18 Mbps kushusha na 9 kupandisha. Lazima iwe chini ya spidi halisi, kiasi cha asilimia 85 hadi 90, ili foleni ijengeke kwako unapoweza kuipanga, si kwenye ONT usipoweza. Wengi wanaweka 20 na 10 kamili halafu wanasema haifanyi kazi.

bint_chake | Jumanne, saa 4:10 usiku

Nachukua la pili. Portali inayozunguka bila kumaliza, YouTube inayocheza, na laini ya simu inayofungua: hizo ni dalili za MTU, yaani ukubwa wa juu wa kipande kinachopita, na PPPoE ndiyo mama yake.

Kipande cha kawaida cha Ethernet kinabeba baiti 1500. PPPoE inajivisha nguo yake ya baiti 8, kwa hiyo ndani zinabaki 1492. Rauta yako ikitangaza 1500, upande wa pili unatuma vipande vya 1500 ambavyo havipiti kwenye mlango wa PPPoE. Kawaida rauta ya njiani inatakiwa imrudishie mtumaji ujumbe kwamba "kipande kikubwa, punguza". Lakini wasimamizi wengi wa mitandao ya maofisi huzuia ujumbe wote wa aina hiyo (ICMP) kwa kudhani ni usalama. Mtumaji hapati habari, anarudia kutuma kipande kile kile, nacho kinatupwa tena. Wewe unaona mduara unazunguka.

Vitu vidogo vinapita, ndiyo maana kichwa cha ukurasa kinakuja na ping inajibu. Na YouTube kwenye kivinjari cha kisasa mara nyingi inapita kwa njia ya usafirishaji iitwayo QUIC, ambayo vipande vyake vinaanza na baiti 1200 na ushei, kwa hiyo haigongi dari kabisa. Usiitumie YouTube kuwa ushahidi kwamba laini ni nzima.

Pima kwa Windows:

```
ping -f -l 1472 8.8.8.8
ping -f -l 1464 8.8.8.8
```

Ile -f inakataza kipande kisigawanywe. Juu ya namba unayoandika kunaongezeka baiti 28 za vichwa, kwa hiyo 1472 ni 1500 na 1464 ni 1492. Kwa Linux ni `ping -M do -s 1464 8.8.8.8`. Kwenye PPPoE nzima, 1472 inagoma na 1464 inapita. Kama 1464 nayo inagoma, shuka 1460, 1452, 1440, mpaka ipite, kisha jumlisha 28. Ukipata namba isiyo 1492 kuna nguo nyengine juu ya PPPoE ndani ya mtandao wa kampuni, na ni vizuri kuwauliza.

Kisha ingia kwenye rauta, ukurasa wa WAN (upande wa nje), pale ulipoandika jina na nywila ya PPPoE. MTU iandike 1492. Kama kuna sehemu ya MSS (data peke yake bila vichwa), iwe 1452, maana vichwa vya IPv4 na TCP vinachukua baiti 20 na 20. Kama una IPv6, kichwa chake ni 40, kwa hiyo 1432. Rauta nyengine zina kitufe tu cha kubana MSS, kiwashe kisha usahau.

Usipunguze MTU kwenye laptopu peke yake. Utaponya laptopu, simu zote za nyumbani zitabaki wagonjwa.

kaka_wa_bububu | Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Kwa hilo la London weka VPN tu yakhe, mambo yaishe.

njia_za_pwani | Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Hapana ndugu yangu, usimpeleke huko. Seva nyingi za VPN zinazouzwa ziko Ulaya, kwa hiyo atakwenda Ulaya na kurudi kwa hiari yake na kulipia juu. Isitoshe, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wajiandikishe. Kama ofisi ina VPN yake iliyosajiliwa, hiyo ni habari nyengine, na bado itapita njia hii hii mbovu mpaka ifike ofisini.

Tuisome ile tracert, ni nzuri sana.

Kituo cha 2 kinaanza na 100.72. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zimetengwa kwa ajili ya kampuni kuwagawia wateja wengi anwani moja ya hadharani. Maana yake huna anwani yako mwenyewe, na ukiandika malalamiko usiweke hiyo ya 100. Nenda kwenye tovuti yoyote inayokuonesha anwani yako ya nje, uiandike hiyo.

Kituo cha 5 ni Dar, 8 ms. Umeshafika mjini. Seva unayoitaka imo humo humo mjini. Kisha kituo cha 6 ni Marseille. Ni kama upande boti Malindi, uione bandari ya Dar, halafu nahodha akwambie hatushushi hapa, tunakwenda London kwanza.

Sababu si masafa. Mitandao mikubwa inachaguliana njia kwa BGP, itifaki ya kutangaziana njia, na BGP haina ramani wala haina saa. Inaangalia kwanza ni njia ipi mwenye mtandao amesema anaipenda, kisha ni mitandao mingapi iko katikati. Kampuni yako na kampuni inayoihudumia ofisi zinatakiwa zikutane Dar, ama kwenye TIX, kituo cha mitandao ya Tanzania kubadilishana trafiki, ama kwa waya wa moja kwa moja. Kama hazikutani, au zinakutana lakini fungu la anwani za ofisi halijatangazwa pale, kila mmoja anabaki na njia anayoinunua Ulaya, na wanakutana London. Wakati mwengine walikuwa wanakutana vizuri, kikao cha BGP kikaanguka, na kwa kuwa London inaendelea kubeba hakuna aliyeona. Ni kosa la kimya: halikati mtandao, linauchelewesha tu.

Sasa angalia 310. Kwenda London na kurudi ni 157, kwa hiyo kwenda peke yake ni kama 78. Kama paketi inakwenda London kisha inashuka Dar, imetumia 78 na 78, yaani 156, kufika tu. Kama jibu lingerudi moja kwa moja kuvuka bahari kutoka Dar hadi Unguja, jumla ingekuwa 160 hivi. Wewe una 310. Basi jibu nalo linapita London. Kwa hiyo walio na makosa ni wawili: kampuni yako kwenye kwenda, na kampuni ya ofisi kwenye kurudi. Ukiisukuma moja tu utapata nusu ya dawa.

Hili si la starehe tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwenye bahari, na intaneti ya Tanzania ikapata tabu. Siku kama ile, anayefika Dar kupitia Dar anaendelea na kazi. Anayefika Dar kupitia London anaikosa ofisi iliyo ng'ambo ya mkondo wa bahari tu, boti ya saa mbili.

Kwenye rauta yako huna cha kugusa. DNS haihusiki, inatafsiri jina tu, haichagui njia. Unachoweza kufanya ni kuwapa ushahidi ambao hawawezi kuujibu kwa "zima, washa":

Tracert yako, pamoja na saa na anwani yako ya nje. Tracert ya kutoka ofisini kuja kwenye anwani yako ya nje. Mtu wa kompyuta wa ofisi anaifanya kwa dakika moja, na ikifia njiani si neno, muhimu ionekane inapita wapi. Tracert ya simu yenye 14 ms, kuonesha njia fupi ipo. Kisha ingia bgp.he.net, andika anwani ya seva, chukua fungu lake la anwani na namba ya mtandao inayoanza na AS. Fanya hivyo hivyo kwa anwani yako.

Barua iwe fupi:

"Kwa wahandisi wa mtandao. Kutoka kwenu AS-fulani kwenda fungu fulani la AS-fulani, trafiki inatoka Dar kwenda London na kurudi Dar, 310 ms. Pande zote mbili zina vituo Dar. Tafadhali angalieni kama mnapokea fungu hili kwenye kubadilishana kwa hapa nchini, na kama mnaliwekea kipaumbele juu ya njia ya nje. Vipimo vya kwenda na kurudi vimeambatanishwa."

Iende kwenye barua pepe ya NOC, chumba cha wahandisi wa mtandao. Mara nyingi imo kwenye PeeringDB, daftari la mitandao, chini ya namba ya AS. Huduma kwa wateja wape nakala ili upate namba ya tiketi tu. Namba hiyo ihifadhi, maana TCRA ukienda watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni.

mnazi_mrefu_wete | Jumatano, saa 5:45 asubuhi

Samahani kwa kuingilia. Sisi tuliopo Pemba nje ya mji, Wete huku, si wote wenye faiba. Wengi ni antena ya 5 GHz juu ya paa inayoangalia mnara. Kuna lolote humu linalotuhusu? Hapa spidi imeganda kwenye 9 Mbps siku zote, kifurushi ni 15.

fundi_wa_mwanga | Jumatano, saa 6:30 mchana

La MTU na la njia yanakuhusu vilevile. La mwanga halikuhusu, lako ni chumvi na minazi.

Spidi iliyoganda kwenye 9 na ushei, haipandi wala haishuki, usiilaumu antena. Ingia kwenye ukurasa wake uangalie mlango wa waya umekubaliana spidi gani. Nakisia utaona 10 badala ya 100. Kichwa cha RJ45 kilicho nje kimeingia upepo wa bahari, shaba imeota kijani, na milango miwili ikishindwa kusikilizana kwa 100 inateremka 10. Kata sentimita 10 za waya mpaka uone shaba inang'aa, funga kichwa kipya, na kabla ya kuingia kwenye antena uache waya uning'inie kwa tumbo dogo chini ya tundu ili maji yadondoke pale, yasifuate waya ndani. Waya uwe wa nje, mweusi, Cat5e ya shaba tupu. Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba inakatika kwa kutu na inapoteza umeme wa PoE (unaopita kwenye waya huo huo) njiani.

Ikiwa mlango unasema 100, soma nguvu ya mawimbi. −50 hadi −65 dBm ni nzuri. Ikivuka −75 kuelekea −80, kuna kilichosimama njiani. Watu husema "naliona mnara, kwa hiyo njia iko wazi". Haitoshi. Kwa masafa ya kilomita 5 na mawimbi ya 5.8 GHz, katikati ya safari yanahitaji uwazi wa duara lenye nusu kipenyo cha mita 8, na angalau asilimia 60 yake, yaani karibu mita 5 kutoka kwenye mstari wa jicho, isiwe na kitu. Mnazi uliokuwa chini ya mstari miaka mitatu iliyopita leo kuti lake limo ndani. Dalili yake ni namba inayocheza upepo ukivuma na kutulia upepo ukitulia. Mvua yenyewe kwa 5 GHz haina nguvu hiyo. Mvua ikikuulia mtandao, tafuta maji ndani ya kichwa cha waya.

mnazi_mrefu_wete | Jumatano, saa 11:20 jioni

Mlango ulisema 10. Kichwa cha juu kilikuwa kijani kama jani la mgomba, nimekata na kufunga kipya. Sasa unasema 100, spidi 14.6. Ahsante fundi.

mtaa_wa_fuoni | Jumapili, saa 2:50 usiku

Naleta matokeo.

Kamera: mkondo wa 512 kbps, H.265. Rauta yangu haikubali foleni za cake, lakini hata bila ya hizo saa 3 usiku dirisha la pili liko 5 hadi 12 ms.

MTU: Bi Chake, ulilosema ndilo. Rauta ilikuwa 1500. 1472 ikagoma, 1464 nayo ikagoma. Iliyopita ni 1452, yaani MTU 1480. Nimeandika 1480 na MSS 1440, portali imefunguka, na simu zote za nyumbani nazo.

Njia: barua imekwenda NOC Alhamisi, pamoja na tracert ya ofisini. Jana usiku wamejibu kwa mstari mmoja: "Tumerekebisha kipaumbele upande wetu." Tracert ya leo kituo cha 5 ni Dar, cha 6 ni Dar, cha 7 seva. Lakini ping bado 159 ms! Vituo vyote vya karibu, na bado 159. Wamerekebisha nini?

bint_chake | Jumapili, saa 3:10 usiku

1480 ina maana kuna baiti nyengine, mpaka 12, zinazoliwa ndani ya mtandao wao. Waulize, si haramu. Ila ukikaa na 1480 hudhuriki.

njia_za_pwani | Jumapili, saa 3:25 usiku

Wamerekebisha nusu yao, na wameirekebisha kweli. Tracert inakuonesha vituo vya kwenda tu, vya kurudi haivioni. Kwenda sasa ni moja kwa moja, kurudi bado London: 4 na 78 na 78 ni 160 hivi, ndiyo hiyo 159 yako.

Iliyobaki ni kampuni ya ofisi. Wewe si mteja wao, hawatakusikiliza, kwa hiyo mpe mtu wa kompyuta wa ofisi barua ile ile, ageuze namba za AS, aweke fungu lenye anwani yako ya nje kuwa ndilo linaloendewa. Na aongeze mstari mmoja: upande wa pili umesharekebishwa Jumamosi, iliyobaki ni kurudi.

mtaa_wa_fuoni | Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Nimempelekea. Anasema kwao tracert ya kuja huku bado ina "lon" mbili kwenye kituo cha 4 na cha 5. Ameshafungua tiketi.